Vigelegele kwa Treni

Sisi Musoma treni hatuna. Tangu nikiwa msichana nasikiaga kwamba reli inakuja, na kila anayetaka kura anaileta tena jukwaani, halafu anaondoka nayo. Kwa hiyo naomba unielewe kabla hujanicheka, ingawa inawezekana umeshanicheka tayari. Kama una simu na uko kwenye makundi ya watu wa Mara, basi ile klipu umeiona. Mimi ndiye yule mama wa kitenge cha njano anayepiga vigelegele dirishani.

Nakaa Nyasho, nauza samaki wa kukaanga. Mdomo ninao, majirani watakwambia. Mtu akinirushia neno moja namrudishia na nyongeza. Baba wa kijana wangu alishafariki, na huyo kijana ndiye mtoto wangu pekee. Alimpata mchumba chuoni, binti wa kijiji kimoja huko Shinyanga. Kwa kuwa baba hayupo, mambo ya mahari yote yalisimamiwa na kaka yangu anayekaa Bunda, mjomba wa kijana. Kaka ana kosta yake, anapiga ruti ya Bunda na Musoma miaka mingi. Ni mtu mpole, hanywi, hagombani na trafiki wala na konda wake. Naomba hilo lijulikane. Kaka yangu ni dereva mzuri, ila barabara yake ni ile ya kwetu.

Ng'ombe walikuwa wameshapelekwa. Ndoa ilikuwa ifungwe Jumamosi kanisani kwetu Musoma. Kilichobaki ni sisi kwenda kwenye sendofu ya binti, sherehe ya kumuaga kwao, tulale huko, asubuhi tumlete bibi harusi. Kwao mtoto wa kike haondoki peke yake. Anasindikizwa na shangazi yake, dada wa baba, na huyo shangazi anakaa kwenu mpaka ndoa ifungwe, anaangalia kitanda, anaangalia jiko, anaangalia mama mkwe ana roho gani. Ukishakabidhiwa shangazi wa watu, umekabidhiwa yai.

Kijiji chao kiko ng'ambo ya reli. Siku ya kwenda tulifika pale kwenye kivuko mchana kweupe. Hakuna geti, hakuna mtu, kuna bango la msalaba limepauka, vichaka upande wa kulia, na vyuma viwili vimelala kwenye kokoto. Basi lote likashuka. Watu wazima, wengine wajukuu wanao, tukaanza kupigana picha. Mimi mwenyewe nilisimama katikati ya reli nikaweka mkono kiunoni. Nilikuwa nimetegemea kitu kikubwa, kumbe ukipanua miguu kidogo tu unavikanyaga vyuma vyote viwili. Kaka akavipima kwa macho, akapima na kosta yake, akasema, "Hii treni yao mbona nyembamba? Kosta yangu inaizidi kwa mbali."

Tukacheka, tukapanda, tukavuka. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba treni haikai ndani ya vyuma vyake, kwamba inamwagika nje huku na huku. Ungejuaje? Kwenye televisheni tumeiona, ndiyo, lakini nani anakaa mbele ya televisheni akapima?

Sendofu ilikuwa nzuri. Mshenga alitangaza mbele ya watu kwamba watu wa Mara na watu wa kule ni watani, na kama hawakuwa watani basi kuanzia saa hiyo wamekuwa. Loo! Pakaharibika. Sisi tulikuwa tumewaletea sato wa kukausha, wakaziba pua, wakasema bibi harusi anaenda kuolewa na nyavu. Sisi tukawauliza kama ile michembe yao, viazi vitamu vya kukausha, ni chakula au ni kuni. Na aliyewaongoza upande wao alikuwa yule shangazi.

Mwanamke mnene, sauti nzito, kidole chake cha shahada hakikupumzika. Mimi jina langu likawa Mla Samaki. Hakuwa mtu wa kuomba, alikuwa anaamrisha. "Mla Samaki, lete maji. Mla Samaki, sogea huko, unaninukia. Mla Samaki, cheza, au mnachezaga majini tu?" Nami nikawa simwachii. Watu walikaa kutuzunguka sisi wawili wakawasahau maharusi. Alikuwa amekulia pale kando ya reli, na hicho ndicho kilikuwa kijiti chake cha kutuchapia. "Nyie treni mtaionea wapi? Mkiiona mtakimbia, mtasimamia ziwani." Nilimpenda, sitaki kusema uongo. Nililala nikifikiria kwamba mwanangu ameoa kwenye watu.

Asubuhi kosta ilikuwa imepambwa. Utepe mweupe, maua ya plastiki kwenye taa, puto kwenye vioo. Shangazi akapewa kiti cha mbele, pembeni ya kaka, kwa heshima yake. Sisi hatuwezi kumweka mgeni wa namna ile nyuma. Gunia lake la michembe likawekwa miguuni pake, akakataa katakata lipelekwe kwenye buti. Bibi harusi akakaa nyuma ya shangazi yake, na mimi nikakaa nyuma ya bibi harusi. Tukatoka. Kila gari tuliyokutana nayo ikatupigia honi, bodaboda nazo zikapiga, nasi kila honi tukaijibu kwa vigelegele. Ndivyo ilivyo kwetu, na nadhani ndivyo ilivyo popote. Gari la harusi likipigiwa honi, wanawake wanajibu.

Tulipokaribia kivuko, kijana wa bodaboda akatuambia treni ya mizigo iko njiani, anaisikia. Ee Bwana! Kosta nzima ikapiga kelele, "Mjomba, simama tuione! Simama mbele tuione vizuri!" Na kaka akasimama. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Wapo waliosema alikuwa analazimisha kuvuka kabla ya treni. Hakulazimisha. Alisimama, akavuta breki ya mkono, akazima na injini ili tusikie. Alisimama pale ambapo mtu anayeipima treni kwa upana wa vyuma vyake angesimama. Pua ya kosta ilikuwa haijagusa reli, ilikuwa imeikaribia tu, ili hata waliokaa nyuma waone kupitia kioo cha mbele.

Shangazi akageuka. Nilimsikia akisema rudi nyuma. Rudi nyuma, litatufuata hapa hapa. Simu zilikuwa zimeshainuliwa, watu wamesimama kwenye viti, muziki wa kwaya unalia. Kosta ikalipuka kwa kicheko. Ameanza utani wake! Na mimi, Mla Samaki, ningenyamazaje? Nikapaza sauti mpaka mbele, "Shangazi, treni haitoki kwenye reli yake! Au huko kwenu inakatizaga kwenda kunywa togwa?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Kaka naye akacheka, mikono iko kwenye usukani. Shangazi akasema tena kitu, sikukisikia.

Treni ikatokea kwenye vichaka, upande wa kushoto, upande wa shangazi. Ikapiga honi. Na sisi, Mungu wangu, sisi tukadhani inampigia bibi harusi. Tukapiga vigelegele. Ikapiga tena, ndefu, haikati, nasi tukazidisha, tukasema leo bibi harusi amesalimiwa hata na treni. Kadiri yule dereva wa treni alivyokuwa anatulilia tuondoke, ndivyo sisi tulivyokuwa tunamshangilia.

Klipu inaishia hapo. Baada ya hapo simu ilianguka.

Sitaeleza sana. Treni haikutugonga, ilitushika kona ya mbele kushoto, kona hiyo tu, ikatuzungusha kama mtu anavyosukuma mlango. Sisi wa nyuma tuliamka tuna michubuko, mwingine mkono, mwingine meno. Treni ilienda mbali sana ndipo ikasimama. Michembe ilikuwa imetapakaa kwenye kokoto. Bibi harusi alikuwa amekaa chini na nguo yake nyeupe, anaiokota mmoja mmoja, anaiweka kwenye mapaja, na sikuelewa anafanya nini mpaka nilipoangalia kiti cha mbele. Shangazi alikuwa ameshafariki. Kaka yangu alikuwa amebanwa mguu, anasema neno moja tu, "Nilisimama. Nilisimama." Askari walipofika, mmoja akamuuliza, hata si kwa ukali, "Ulisimama wapi, mzee?" Kaka akaangalia reli, akaangalia kosta, akaanza kulia. Sijawahi kumwona kaka yangu analia, hata kwenye msiba wa mama hakulia.

Kaka alilazwa Shinyanga mjini, mguu umefungwa plasta na askari mlangoni. Nyumbani Nyasho turubai lilikuwa limeshafungwa, masufuria makubwa yameazimwa kanisani. Nilipiga simu nikasema vunjeni. Jirani yangu akaniuliza, "Ni kweli lakini, mama? Maana huku kuna klipu." Hapo ndipo nilipojua. Klipu ilikuwa imefika Musoma kabla ya habari ya kifo. Imefika Bunda, imefika Butiama, imefika Mugango kwa ndugu zangu wavuvi, na juu yake wameandika maneno ambayo siwezi kuyarudia, lile la nafuu likiwa "washamba wa treni". Watu walicheka kwanza, wakaambiwa baadaye kwamba pale amekufa mtu. Wengine waliambiwa na wakaendelea kucheka.

Kwa kuwa kaka yuko kitandani chini ya ulinzi, na baba wa kijana hayupo, aliyebaki wa kwenda kusimama mbele ya wale watu nilikuwa mimi. Niliingia kwenye ule uwanja ambao juzi yake nilikuwa nimecheza mpaka vumbi likapanda. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Matusi nayajua, nayamudu. Hawakunitukana. Walinitandikia mkeka, wakaniletea maji ya kunawa, wakaniletea chakula. Nilikitazama kile chakula. Aibu ilinipanda kutoka miguuni, nikahisi hata masikio yananiungua. Kijana wangu alikaa pembeni yangu na suti ile ile ya sendofu, hana nguo nyingine, mkono wa koti umechanika.

Bibi harusi alikuwa ndani na wanawake wa kwao. Tangu pale relini hakuwa amezungumza na mwanangu, wala na mimi. Niliingia kumpa pole, akageukia ukuta.

Jioni baba yake akaja kuniona. Mwanaume mrefu, mkimya, dada yake ndiye aliyekuwa anamsemea siku zote. Akaniambia, "Mkwe, sina neno la kukwambia kuhusu dada yangu. Kuhusu mtoto, sitamsukuma wala sitamzuia. Tukishazika atasema mwenyewe kama anakwenda na nyie au anabaki. Akibaki, ng'ombe wenu wako zizini, hatujawagusa." Nikasema asante.

Siku ya mazishi watu walikuwa wengi, alikuwa mama aliyejulikana. Jeneza likatolewa, mchungaji akasoma, likaanza kubebwa kwenda kaburini. Katikati ya njia wabebaji wakasimama. Wakalishusha juu ya vigoda. Mimi sikuelewa. Baba wa binti akageuka, akanitafuta kwa macho kwenye umati, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Watani wako wapi?"

Kila mtu anajua kazi ya mtani msibani. Anazuia jeneza, anavaa nguo za marehemu, anamwiga alivyotembea na alivyosema, mpaka waliofiwa wacheke kidogo na kilio kipate njia. Nimeshafanya sana kwetu, naitwaga mpaka Mugango kwa kazi hiyo. Lakini siku ile nilitamani ardhi inimeze. Yaani mimi? Mimi niliyemcheka mpaka akafa, niinuke nimcheke tena akiwa sandukuni? Sikujua kama ananiadhibu au ananihurumia. Nilimwambia, "Baba, nisamehe. Siwezi." Akasema, "Dada yangu amechekesha watu maisha yake yote. Hawezi kwenda kimya. Na mtani wake wa mwisho ni wewe."

Mwanamke mmoja akanifunga kitenge cha marehemu. Kilikuwa bado kinanukia yeye, mafuta ya nazi na moshi. Nikanyanyua kidole cha shahada. Kazi ukishaizoea, mwili unaifanya hata roho ikigoma. Nikatembea alivyotembea, nikatanua kiuno, nikateremsha sauti. "Wewe mchungaji, sogea huko, unaninukia! Nyie mnaonibeba, mmekula? Mbona mnanitikisa kama michembe?" Mtu mmoja akacheka. Halafu wawili. Bibi kizee mmoja akapiga makofi huku machozi yanamtoka, akasema ndiye yeye, ndiye yeye kabisa. Nikaenda mbele. Nikaamrisha maji, nikaamrisha ngoma, nikajiita mwenyewe Mla Samaki na kujitukana mwenyewe, na watu wakawa wanacheka na kulia kwa pamoja, na mdomo wangu ukawa unakimbia, unakimbia, mpaka nikasikia unasema:

"Mla Samaki, mwambie huyo kaka yako arudi nyuma! Rudi nyuma wewe, litatufuata hapa hapa!"

Kicheko kikakatika. Sikuwa nimepanga. Niliganda pale kidole kikiwa juu, nimevaa nguo ya mtu, na sikujua nishushe mkono au niuache.

Bibi harusi akatoka katikati ya wanawake. Alikuwa hajanitazama tangu siku ile. Akaja mpaka mbele yangu, akanishusha mkono taratibu, akasema, na sauti yake haikuwa na hasira, ingekuwa na hasira ningeshukuru:

"Hakusema hivyo, mama. Mimi nilikuwa nyuma yake. Alisema, 'Mjomba, rudi nyuma, tafadhali.'"

Tafadhali. Yule mama, siku zote zile, usiku mzima ule wa ngoma, hakumwambia mtu yeyote tafadhali. Mtani hasemi tafadhali. Lile neno lilikuwepo, lilipita mbele ya pua zetu, na mimi nikalifunika kwa utani wa togwa. Nilikaa chini pale pale njiani. Waliobeba jeneza wakanipitia pembeni, wakaenda kumzika.

Jioni yake baba akamwita binti mbele ya wazee, akamuuliza anakwenda au anabaki. Sisi wa Mara tulikuwa tumeinamisha vichwa wote. Mwanangu alikuwa anaangalia ule mkono wa koti uliochanika. Binti akasema, "Nakwenda. Shangazi alikuwa ameshapanda gari ili anipeleke." Basi. Hakuna aliyepiga kigelegele, na mpaka ndoa ilipofungwa baadaye kwetu Musoma, ibada ya kawaida ya asubuhi, watu wachache, hakuna aliyepiga.

Tuliondoka baada ya matanga kwa gari la kukodi, Noa ya dereva wa kule kule. Kiti cha mbele hakuna aliyetaka kukikalia, tukaweka mabegi. Njia ni ile ile moja. Tulipoliona bango la msalaba kwa mbali, yule binti akamshika dereva bega, akasema, "Simama hapa, tafadhali."

Dereva akashangaa. "Hapa? Mbona mbali hivi, dada? Na leo hakuna treni."

"Simama," nikasema mimi.

Akasimama. Tukakaa. Upepo ulikuwa unapeperusha kipande cha utepe mweupe kwenye vichaka, sikujua kama wengine wanakiona. Nyuma yetu likaja lori, likapiga honi, tukakaa. Likapiga tena, likatoka barabarani kwa vumbi, na lilipotufikia ubavuni utingo akatoa kichwa dirishani akapaza sauti, "Washamba nyie! Mnasubiri nini hapo? Mmeona treni?"

Jibu nilikuwa nalo, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, na lingemfaa yule kijana maisha yake yote. Gari zima liligeuka kunitazama, hata mwanangu. Nikalimeza, nikapandisha kioo, tukaendelea kusubiri.